Fayvish Mbeba Boriti na Binti Aliyeuzwa kwa Mkate

Nyamazeni, watu wa Zabrodnya, mlioketi kwenye mabenchi na mliosimama kwa kukosa mabenchi, maana leo ndiyo siku aliyokufa, na siku hii sisi hatutii kitu kinywani kabla hatujamtaja. Zama zile mto wetu haukuwa na daraja, msitu ulifika hadi pale lilipo soko sasa, na babu zetu walikuwa vibanda kumi na viwili vya Wayahudi juu ya ardhi ya bwana mmoja wa Kipolandi, wakimchomea chokaa na kulipwa matusi. Katika vibanda hivyo alizaliwa Fayvish mwana wa Kalmen, mwana wa Yekel, mwana wa Kalmen wa kwanza aliyevuka mto akiwa amembeba mama yake mgongoni. Ulikuwa ukoo wa wachoma chokaa, watu wa macho mekundu na vifua vya kukohoa, ukoo ambao haukuwahi kutoa mwanazuoni hata mmoja. Mama yake Fayvish aliitwa Dvosi, nami namtaja kwa sababu kwetu mgonjwa anapoombewa huitwa kwa jina la mama aliyemzaa, wala si la baba.

Huyo ndiye Fayvish Mbeba Boriti, Bega la Zabrodnya, Rabi aliyefundishwa kusoma na tanuri. Najua wapo wasimulizi huko Lubnik wanaoihadithia habari yake kwa namna tamu, mwishoni mtoto anafufuka na watu wanacheza. Hao ni waongo, na anayetaka utamu aende kwao. Mimi niliipokea habari hii kwa baba yangu, na baba yangu alikuwa akilia akiisimulia, wala hakuwa mtu wa kulia ovyo.

Alipokuwa na miaka ishirini, babu zetu walimwomba yule bwana ruhusa ya kujenga nyumba ya sala, maana walikuwa wakisali ghalani pamoja na mbuzi. Bwana akacheka, akasema mbele ya wageni wake kwamba ruhusa wanayo, ila boriti kuu ya paa lazima itoke msitu wake wa mbali, ibebwe bila ng'ombe, bila farasi, bila mkokoteni, tena na mtu mmoja, na iwe imefika kabla jua la Ijumaa halijatua. Wazee waliinamisha vichwa wakarudi majumbani. Fayvish akaenda msituni na shoka, akakata mwaloni, akauchonga, akajitwika. Alitembea tangu Jumatano hadi Ijumaa mchana, na watu walipomkimbilia njiani wamsaidie japo ncha ya nyuma, aliwakemea akisema, "Mtu mmoja, alisema. Sitamdanganya hata mtu anayetudhihaki." Alipoitua, ngozi ya bega lake ilibaki kwenye mti. Boriti yenyewe hii hapa juu ya vichwa vyenu, na kuanzia siku ile palipoitwa vibanda pakaitwa Zabrodnya.

Lishikeni jambo hili, maana ndilo sifa yake na ndilo lililomwangamiza: Fayvish hakujua kufanya kitu nusu.

Akaoa Toybe, binti wa mtengeneza mishumaa, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali, aliyejua kuandika vizuri kuliko wanaume wengi wa siku zake. Toybe ndiye aliyemfundisha herufi, mbele ya tanuri, akizichora kwa kidole katika vumbi la chokaa. Na huyu mtu aliyechelewa kusoma akafungukiwa na Zaburi kwa namna ambayo wasomi wa miji mikubwa hawakuijua. Aliwafundisha wachoma chokaa kwamba kikohozi chao ni sala kama hawana pumzi ya sala nyingine. Aliwafundisha kuimba nyimbo zisizo na maneno, kwa kuwa maneno yana watu wake lakini sauti ni ya wote. Aliwachezesha siku ya Sabato mpaka mbao za sakafu zikachomoka misumari. Wasomi wa Lubnik wakampiga marufuku, wakasema ni mjinga anayewapotosha wajinga. Akawajibu kwa barua moja ya mstari mmoja, iliyoandikwa na Toybe: "Mnasema kweli, njooni mtufundishe." Hakuja hata mmoja.

Umaarufu wake mkubwa ulikuwa wa maombi. Mtu mwenye mgonjwa alifika mlangoni, na kama hajui kuandika, na wengi hawakujua, alimtajia Toybe jina la mgonjwa na jina la mama yake, naye Toybe akaliandika kwenye kikaratasi. Rabi akakishika kikaratasi kwenye paji la uso, akasimama. Hakuketi, hakula, hakujibu salamu mpaka kitu kifuani mwake kifunguke. Kwa mke wa mtengeneza mapipa, aliyekuwa akishindwa kujifungua, alisimama siku tatu, na miguu yake ilivimba hadi viatu vikakatwa kwa kisu. Mtoto alizaliwa. Mjukuu wa mtoto huyo ameketi hapa benchi la tatu, na anasinzia, Mungu amsamehe.

Lakini mganga hajigangi. Watoto waliozaliwa nyumbani kwake mwenyewe hawakukaa. Wa kwanza aliishi majuma mawili, wa pili mwaka na nusu, wa tatu na wa nne walikuwa pacha na walizikwa pamoja, na wa tano, mvulana aliyeitwa Yekel, alikuwa ameanza kusema alipochukuliwa. Kila mara Fayvish alisimama na kikaratasi usoni, na kila mara alisimama bure. Ndipo wazee wakamwendea, wakamwambia neno ambalo babu zetu wote walilijua: kwamba ikiwa hukumu imeikalia nyumba, mtoto auzwe atoke katika nyumba hiyo. Mnaijua desturi yenyewe. Mtoto anauzwa kwa wazazi ambao watoto wao wanaishi, anaitwa mtoto wao, ili Malaika wa Mauti akija na karatasi yake kumtafuta mtoto wa fulani amkose. Na siku ya arusi yake, chini ya kitambaa cha ndoa, wazazi waliomzaa wanamkomboa.

Basi alipozaliwa Mirl, mtoto wa sita, Fayvish akamchukua akiwa na siku nane, akampeleka kwa Brayne, mke wa Hirsh msaga nafaka, mwanamke mnene mwenye kicheko, aliyekuwa na watoto saba na hakuwahi kuzika hata mmoja. Akamuuza kwa mkate mmoja wa shayiri. Watu wengine wakiuza mtoto humrudisha nyumbani jioni ileile wakabaki na maneno tu, na hakuna aliyewahi kuwalaumu. Fayvish alimwacha hukohuko. Akamwapisha Brayne kwamba msichana hataambiwa. Akamwapisha Toybe kwamba hatamwita binti, hatamnyonyesha, hatamgusa kichwa. Naye mwenyewe, kila Ijumaa jioni, baba wote wa Zabrodnya walipowawekea watoto wao mikono kichwani na kuwabariki, alikaa nyumbani na mikono yake mapajani.

Toybe aliula mkate ule wa shayiri peke yake, kwa siku mbili, huku akiyakamua maziwa yake kwenye bakuli na kuyamwaga nje. Hilo nalisema kwa kuwa wanaume wanapoisimulia habari hii huliruka.

Na hila ile ilifaa. Tuseme ukweli, ilifaa miaka tisa. Mirl alikua nyuma ya kinu, mwenye meno yaliyoachana na mabega mapana kuliko ya wasichana wenziwe, akiimba nyimbo zisizo na maneno kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo. Zabrodnya nzima ilijua ni wa nani. Ni yeye tu asiyejua. Akikutana na Rabi njiani alisimama kando kwa adabu kama watoto wote, na Rabi akapita akiangalia vidole vya miguu yake. Kwa Toybe alitumwa kupeleka unga kila Alhamisi. Alimwita "Mke wa Rabi." Toybe alimpa tufaha, akamuuliza habari za nyumbani, akafunga mlango.

Mwaka wa kumi yakaja maradhi ya koo, yale yanayomkaba mtoto kwa ndani. Yalianzia Lubnik, yakafika kwetu baada ya mavuno. Kwa majuma matatu Toybe aliandika na Rabi alisimama, na hapa ndipo nguvu zake zilipofikia kilele, maana katika watoto arobaini na mmoja walioandikwa, alizikwa mmoja tu, ambaye habari zake zililetwa zimechelewa. Watu wa Lubnik waliokuwa wamempiga marufuku walikuja kwa mikokoteni, wakasimama mlangoni kama wengine, naye akawasimamia kama wengine.

Alhamisi moja asubuhi hakuja Mirl na unga. Alikuja Brayne, bila kitambaa kichwani, na safari hii hakuwa na kicheko.

"Niandikie, Toybe," akasema. "Wote wameshikwa."

Akawataja watoto wake saba mmoja mmoja, na Toybe akaandika: mwana wa Brayne, binti wa Brayne, hadi saba. Wakatazamana.

"Na wa nane," akasema Brayne. "Yeye ndiye aliyezidiwa. Andika ukweli, dada yangu. Mimi sitanung'unika."

Toybe akachovya kalamu, akaandika: Mirl binti Toybe. Miaka tisa hakuwa ameyaweka maneno hayo mahali popote.

Fayvish alikipokea kikaratasi, akakisoma, akakirudisha.

"Hiki hakikuandikwa sawa," akasema.

"Katika vyote nilivyoandika, hiki ndicho kilichoandikwa sawa."

"Miaka tisa Malaika wa Mauti anapita mlangoni kwetu akiuliza, na miaka tisa anaambiwa hakuna mtoto hapa. Leo ndiyo siku amejaa mjini, anaingia kila nyumba, nawe unataka nisimame mbele ya mbingu nimtaje kwa sauti? Nimwonyeshe kwa kidole?"

"Nataka umwombee."

"Nitamwombea. Binti wa Brayne."

"Hakuna binti wa Brayne anayeitwa Mirl," akasema Toybe. "Wewe unajua, mimi najua, na Yeye unayemwomba anajua."

"Kama anajua, basi jina halina neno."

"Kama jina halina neno, Fayvish, mbona mimi nimekaa hapa miaka yote hii nikiandika majina?"

Brayne alisimulia baadaye kwamba uso wa Rabi uligeuka rangi ya chokaa mbichi, na kwamba kwa muda mrefu alikishika kikaratasi kile mkononi bila kukipeleka usoni wala kukiweka chini. Angeweza kusema neno moja. Lakini alikuwa amembeba yule mtoto kwa kiapo kwa miaka tisa, peke yake, na hakutaka kutua mzigo hatua chache kabla ya kufika. Ndivyo alivyokuwa, ndivyo tulivyompenda. Akasema, "Andika upya." Toybe akachukua karatasi nyingine. Aliandika upya. Hilo nalo lazima lisemwe, maana yeye mwenyewe hakulificha kamwe: mkono ulikuwa wake.

Fayvish akasimama na majina manane usoni tangu Alhamisi asubuhi hadi Ijumaa alasiri. Wale waliokuwapo walisema hawajapata kuona sala ya namna ile, jasho lilimtoka likalowesha ubao aliosimama. Ijumaa saa sita mchana mtoto mkubwa wa Brayne aliomba mchuzi. Saa saba wawili waliofuata waliketi kitandani. Hadi saa nane wote saba walikuwa wakipumua kama watoto, na mdogo wao alikuwa akilia kwa njaa, na Hirsh msaga nafaka alitoka nje akapiga magoti katika pumba za kinu.

Wa nane hakufungukiwa.

Toybe alivunja kiapo chake nusu. Alikwenda kinuni, akaingia, akasimama miguuni pa kitanda. Mirl alimwona. Koo lilikuwa limebakiza upenyo mdogo mno, na maneno yaliyopita humo yalikuwa ya mwisho, nayo aliyasema kwa Brayne, kwa adabu aliyofunzwa: "Mama, mpe Mke wa Rabi kiti."

Brayne akampa kiti. Toybe akaketi. Hakusema kitu, kwa kuwa kule nyumbani mumewe alikuwa bado amesimama, na aliogopa kwamba neno lake moja lingeiangusha sala yote. Alikaa hivyo mpaka mtoto akaacha kuvuta pumzi, na mishumaa ya Sabato ilikuwa karibu kuwashwa.

Siku ya Sabato watu hawaombolezi, ndiyo sheria. Kwa hiyo Fayvish Mbeba Boriti, akiwa ameshaambiwa, alivaa kanzu yake nyeupe, akaketi mezani pamoja na wafuasi wake, akabariki divai, akamega mkate, akaimba. Waliokuwapo hawakujua watazame wapi. Aliimba nyimbo zote, hakupunguza hata mmoja, na meza nzima ikaimba pamoja naye kwa kuwa kunyamaza kungekuwa kumwacha peke yake. Baba yangu alisema kwamba babu yake hakuweza tena kuimba siku ya Sabato mpaka anakufa.

Jumapili wakamzika. Mzishi, mzee aliyeitwa Zundl, aliuliza kama ilivyo desturi, marehemu atajwe binti wa nani. Hirsh akamtazama Rabi. Watu wote walimtazama. Naye akasema, "Binti Fayvish," akalichana vazi lake kifuani kama wafanyavyo waliofiwa. Kisha akageukia watu, na haya ndiyo maneno yake, sikuyaongeza wala sikuyapunguza:

"Saba niliwaombea kwa majina yao, wakapewa. Wa nane nilimwombea kwa jina ambalo halina mtu. Mbinguni walitafuta Mirl binti Brayne wampe uhai, hawakumpata. Malaika wa Mauti hakuhitaji jina, alikuwa mlemle chumbani. Nilimficha mtoto wangu, na niliyemfanya asimwone ni Mungu. Msiniletee tena vikaratasi."

Wakamsihi, wakamwambia huo ni uchungu unaosema, hukumu ni hukumu, hakuna ajuaye siri za mbingu. Huenda. Wasomi wa Lubnik walituma barua nzuri ya kumfariji, kurasa nne, zenye aya za Torati. Hakuifungua. Baada ya siku saba za maombolezo, za kuketi chini, alivua kanzu ya rabi, akaitundika, akarudi kwenye tanuri la baba yake. Miaka mitatu alichoma chokaa. Mtu akimfuata na mgonjwa alimwambia tu, "Nenda nyumbani, mwite mwanao kwa jina lake," akageukia moto. Wagonjwa wengine walipona na wengine walikufa, kama inavyokuwa kwa watu wasio na rabi.

Majira ya baridi ya mwaka wa tatu homa ya mapafu ikamwangusha. Toybe aliketi mezani, akaandika: Fayvish mwana wa Dvosi. Alipomaliza kuandika, akiwa ameshika kikaratasi mkononi, akakumbuka kwamba hakuna wa kumpelekea. Akakaa nacho. Fayvish alikufa siku ya nne, siku kama ya leo, na hakuacha mwana wala binti wala mwanafunzi aliyethubutu kuketi kitini pake. Tangu hapo hatuna rabi. Miji mingine ina wafalme wake wa sala, ukoo kwa ukoo, na mavazi ya hariri. Sisi tuna boriti.

Toybe aliishi miaka ishirini na minane zaidi. Na sasa nasema jambo ambalo wageni wanatucheka kwalo.

Sabato ya kwanza baada ya kifo cha mumewe, msomaji alipokuwa akiyasoma hapa majina ya wagonjwa wote wa mji ili waombewe, fulani mwana wa fulani, sauti ilitoka nyuma ya kiambaza kinachowatenga wanawake, kavu, isiyotetemeka: "Mirl binti Toybe."

Mzee mmoja akaenda karibu na kiambaza, akasema kwa upole, "Mama Toybe, huyo alikwisha kufa. Kumwombea afya aliyekufa ni dua ya bure, na dua ya bure imekatazwa."

"Najua alikufa," akasema Toybe. "Nilimwosha mimi. Lakini alipokuwa mgonjwa hakuna aliyemwombea. Soma."

Wakabishana, wakatuma watu Lubnik kuuliza, na jibu likaja kwamba ni haramu kabisa. Sabato iliyofuata alilisema tena, na iliyofuata, miaka ishirini na minane, mpaka Brayne naye akawa analisema pamoja naye, kisha wanawake wote. Na Toybe alipokufa, Sabato ya kwanza ambayo sauti yake haikutoka kule nyuma, msomaji alifika mwisho wa majina, akangoja, hakusikia kitu, akalisoma mwenyewe.

Tunalisoma hadi leo. Tunajua ni bure. Hakuna kitu kitakachotokea, hakuna mtoto atakayeketi kitandani aombe mchuzi, na hata Fayvish mwenyewe angekuwa hapa angetuambia tumechelewa. Haya, tusimame sasa. Wagonjwa wa juma hili ni tisa, nitaanza nao, na nikifika kwake mseme kwa sauti, tafadhali, msinung'unike vinywani, mseme kama mnamwita mtu aliye chumba cha pili.